Basi la Saa Moja

Kila asubuhi Nyamizi alibandika chai, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akampigia simu Mwalimu Kamili wa Kahama na kumsomea ukurasa mmoja wa kitabu. Hapo Ushirombo alipopangiwa kufundisha, huo ndio ulikuwa muda pekee ambao mtu alimwita kwa jina lake. Saa zilizobaki alikuwa "madam" tu.

Siku hiyo simu ilipokewa na mwanamke.

"Mwalimu kaanguka jana. Upande wa kulia hauna nguvu, na kuongea ni kwa tabu. Mimi Mama Luka, jirani."

Chai ilifurika, ikazima jiko. Nyamizi hakuiona.

Kitabu chenyewe kilikuwa kidogo, cha adabu za kutafuta elimu. Mwishoni palikuwa na orodha ya majina: mtu wa Bukhara aliyesafiri hadi Baghdad kukisikiliza, wa Baghdad aliyekipeleka Kairo, kisha Yemen, Unguja, Tabora. Kila mmoja alikisoma mbele ya mwalimu wake, ana kwa ana, ndipo mwalimu akamwandikia ijaza, yaani idhini ya kukifundisha. Jina la mwisho lilikuwa Kamili, Kahama. Chini yake palikuwa peupe.

Kusoma kwa simu hakukuhesabika, na Nyamizi alilijua hilo. Lakini tangu shangazi aliyemlea afariki, hakuwa na kwao tena Kahama, na aliona haya kumsumbua mzee. Kila Ijumaa Mwalimu alimuuliza, "Basi la saa moja bado lipo?"

"Lipo, Mwalimu."

"Linawahi kufika?"

"Saa tatu linakuwa huko."

"Haya. Soma."

Miaka miwili alimjibu hivyo, kama karani wa stendi.

Aliomba ruhusa shuleni, akapanda basi hilo akiwa na nakala yake ya fotokopi. Njia nzima aliwaza jambo moja: mzee akiondoka kabla hajamwandika, safari ya watu wote wale ingeishia chumbani kwa mzee huyo.

Mama Luka alimpokea mlangoni, rozari shingoni, bakuli la uji mkononi. "Ndiyo wewe wa kwenye simu? Kwa ile sauti nilijua mtu mzima! Ingia. Mimi Mkatoliki, lakini huo ukurasa wa kwanza nshaushika kwa kuusikia tu ukutani, simu yake inavyopiga kelele."

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Nyamizi.

Mzee alifumba macho, akayafumbua. Midomo ilihangaika bila kutoa neno.

Akasoma. Kurasa arobaini na moja, tangu mwanzo. Alipokosea, mkono wa kushoto uligonga kitanda mara moja, naye akarudia. Mama Luka aliingia na kutoka. Adhuhuri ilipita.

Alipofunga kitabu, mzee alionyesha kalamu iliyokuwa dirishani. Nyamizi akamshikia kitabu halisi cha mzee mwenyewe, kwenye ile orodha ya majina. Kwa mkono wa kushoto, herufi zikiyumba kama za mtoto wa chekechea, aliandika: Nyamizi, Kahama. Alilowa jasho.

Ijaza hiyo hapo. Nyamizi alishukuru, akaanza kufunga mkoba. Basi la kurudi lilikuwa la saa kumi.

Mkono ukagonga kitanda. Akageuka, akidhani amekosea tena.

"Lile basi," mzee alisema, neno moja moja, mate yakimtoka. "Kila Ijumaa. Nilikuwa... naomba uje."