Mahudhurio ya Msimu wa Hariri

Argyro alikuwa amejichosha miaka sita na historia ya biashara ya hariri ya mji wao wa Soufli, Ugiriki, na Alhamisi ile angeitetea tasnifu yake Thesalonike. Hoja yake nzima iliegemea daftari moja: mahudhurio ya wanawake arobaini wa kiwanda cha Karavas, masika ya 1938. Homa ya matumbo iliufagia mji mwaka ule, lakini daftarini wote wapo, kila siku, mpaka mwisho wa msimu. Basi Argyro akaandika kwamba nyumba safi alizowajengea tajiri wa kiwanda ndizo zilizowaokoa. Alikosa shahidi tu.

Shahidi alikuwa Bibi Zambeta, wa mwisho kubaki hai katika wale arobaini. Alikubali kuhojiwa, ila ndani ya kiwanda chenyewe, ambacho kilikuwa gofu. Walikaa asubuhi kati ya mabeseni makavu yaliyokuwa ya kuchemshia vifukofuko vya hariri, kila mtu na kikombe chake cha kahawa.

"Kwa hiyo wote walipona, Bibi?"

Bibi alicheka hadi akakohoa. "Nani kakudanganya? Walikufa kumi na mmoja!"

"Lakini daftari..."

"Wewe ni mtoto wa hapa kweli, au uliokotwa Athene? Viwavi wa hariri wakiwa ghorofani wanakula majani, msiba hautajwi. Wakisikia kilio, hawasokoti uzi. Asubuhi jina la marehemu likiitwa, jirani yake wa beseni anamwitikia: 'Nipo.' Anawekewa vema, kazi inaendelea."

Argyro aliona aibu hadi masikioni. Mwiko huo aliujua tangu utotoni. Hata mama yake, ikifika Mei, mwezi wa viwavi, msiba aliutaja kwa kunong'ona. Hakuwahi kufikiri kwamba ungeingia kwenye nyaraka. Miaka sita yote imekwenda na maji.

"Usinune. Yaite majina, nikuonyeshe waliokufa."

Argyro akafungua daftari, akaita. Kwa kila jina la marehemu, Bibi aliitika "Nipo" kwa sauti nyembamba ya kisichana. Kisha akaita, "Zambeta."

Bibi akainamia kikombe chake, asiitike.

"Bibi, hilo si lako?"

"La mwenzangu wa beseni, naye alikufa. Nilimwitikia siku thelathini. Msimu ulipoisha nilikwenda kumpa mama yake pole. Akanikumbatia, akaniita Zambeta, akanipakulia chakula. Mimi yatima wa wakimbizi, mwanangu. Ningekataaje?"

"Na jina lako?"

"La mwisho hapo. Sijaliitikia tangu mwaka ule." Macho yake yalilowa. "Hebu liite."

"Fotini."

"Nipo," ilijibu sauti ya msichana.

Ilitoka kwenye beseni la mwisho, jirani na pale alipokaa Bibi, ambako hapakuwa na mtu. Argyro aligeuka haraka kumtazama Bibi. Alikuwa amekaa vilevile, mdomo wazi kama aliyetaka kuitika, kahawa ikitoa mvuke mkononi mwake. Macho hayakupepesa. Argyro alimshika shingoni, akatafuta mapigo, akayakosa.

Yowe lilimfika kooni. Hapo ndipo alipowasikia, juu ya dari, kwenye ghorofa iliyokaa tupu miaka na miaka: viwavi, maelfu, wakitafuna majani.

Alilimeza yowe lake, wasilisikie. Akafungua kalamu, na mbele ya jina la Fotini akaweka vema.