Sahani za Mzee Asukile

Mbwa wetu anaitwa Diwani. Jina alipewa na baba mkwe wangu, Mzee Asukile, aliyesema hajawahi kuona kiumbe kingine kinachonenepa hivyo bila kufanya kazi yoyote. Bwana mifugo, Obeid, alipokuja kumchanja alimtazama, akanitazama na mimi, kisha akasema tumpeleke sokoni Iyunga kwenye mizani ya viazi. Tukamtia kwenye gunia, wabeba mizigo wawili wakamning'iniza. Kilo arobaini na tatu. Mama mmoja muuza viazi akauliza bei yake.

Obeid hakucheka. Alisema mbwa wa umbo lile anatakiwa awe na kilo ishirini na nane, miguu imeanza kuchoka, na moyo utafuata. Tukiendelea hivyo, hamalizi mwaka. Hapo nami nikaacha kucheka, maana tangu mama mkwe afariki mzee amebaki na Diwani tu. Mume wangu, Lusekelo, anaendesha lori la Tunduma na Dar, na mimi, mtu pekee aliyebaki nyumbani, siruhusiwi hata kumtazama mzee. Diwani akifa, mzee naye hatadumu.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hukwepana. Siku hizi wengi wameacha, wanasalimiana kanisani na maisha yanaendelea. Mzee Asukile hajaacha kitu. Akipita uani najibanza jikoni. Nikipita mimi, anageukia ukutani. Chakula chake naweka kwenye stuli mlangoni pa chumba chake, nakohoa, naondoka. Tukiwa na la kuambiana, tunamtuma mbwa. "Diwani, mwambie mama mkaa umekwisha," anasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Kwa miaka sita mbwa huyo hajapotosha ujumbe hata mmoja, tofauti na mawifi zangu.

Nikaanza kazi kama Obeid alivyoelekeza: kopo moja la chakula asubuhi, moja jioni, hakuna makombo, hakuna mifupa ya msibani, na matembezi kila siku. Nilimpeleka Diwani mpaka stesheni ya TAZARA na kurudi, yeye akiketi kila baada ya nguzo tatu za umeme, mimi nikimvuta kama ng'ombe wa mnadani, na bodaboda wakiniuliza nani anamtembeza mwenzake. Mwezi mzima. Tuliporudi kwenye mizani, alikuwa na kilo arobaini na tano.

Nilimshuku jirani yangu Esther, ambaye hapiki kande bila kugawa. Nikaenda kumwambia aache kumuua mbwa wa watu. Akanijibu kwamba mbwa wangu hajakanyaga kwake tangu nimfunge kamba, na nikitaka kujua anakula wapi, niangalie kwangu. Tukanuniana wiki mbili.

Jumamosi moja mchana niliweka ugali, maharage na parachichi kwenye stuli, nikakohoa, kisha badala ya kurudi jikoni nikajificha nyuma ya migomba. Mtu mzima, na kitenge changu, nimechuchumaa kwenye matope. Mzee akatoka, akakaa kizingitini na sahani yake. Akamega tonge moja, akalitafuna muda mrefu, kisha akaishusha sahani yote mbele ya Diwani.

"Maliza," alimwambia. "Ikirudi na chakula, mama atadhani nimemkataa."

Ndipo nikamtazama. Suruali ameifunga kwa kamba ya katani, mikono imebaki ngozi na mifupa. Miaka yote hiyo nilikuwa najisifu kwa akina mama wa kwaya kwamba mzee wangu anakula mpaka sahani inang'aa, na kila ilipong'aa niliongeza tonge. Kumbe kwa mwiko ule ule nilikuwa namnenepesha mbwa na kumshindisha mzee njaa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikatoka kwenye migomba. Mzee akageukia ukutani upesi.

"Diwani," akasema, "mwambie mama amepotea njia."

"Sijapotea, Baba," nikasema. "Umekonda. Nani atanisamehe ukifa kwa sababu ya heshima yangu?"

Diwani aliendelea kula. Ujumbe ule haukumhusu. Mwishowe mzee aliuambia ukuta kwamba chakula si kibaya, ila hakipandi. Utotoni alikula na wenzake wa rika, ukubwani alikula na mkewe, na sasa analetewa sahani mlangoni kama mfungwa.

Nilikwenda jikoni nikaleta sahani mbili na kigoda changu, nikakaa mgongo kwa mgongo naye. Kama mila ina neno kuhusu migongo, pale hakukuwa na wa kutukumbusha. Nikala kwa kelele makusudi ili asikie. Baada ya muda nikamsikia naye anatafuna. Siku ile alikula matonge manne, na wiki iliyofuata nusu sahani.

Diwani alipewa kopo lake, akagoma siku mbili, kisha akazoea. Mvua za Novemba zilimkuta na kilo thelathini na tatu, Pasaka ishirini na nane, na hapo amebaki, maana kila mwezi tunampima, na hakuna tena anayemhitaji asafishe sahani. Obeid anatamba mjini kwamba ni dawa ya kopo lake. Namwachia. Esther nilimpelekea ndoo ya parachichi na kumwomba radhi.

Jana mchana, tukiwa tumepeana migongo kama kawaida, mzee aliacha kutafuna. Nikaogopa, nikajua yamerudi yale yale. Kisha akasema, bila kumtuma mbwa, kwamba maharage hayana chumvi, na kwamba hata ya juzi hayakuwa na chumvi.

Miaka yote ile hakuwahi kukilalamikia chakula changu hata mara moja. Nilifuta machozi kwa pindo la kitenge, nikaenda kuleta chumvi.