Karatasi ya Mbegu Nyekundu

"Hapa umeacha wazi," katibu wa chuo alisema, akiugonga mstari wa masomo kwa kalamu. "Section gani, citoyenne Cibalonza?"

Kwenye karatasi za serikali aliitwa Cibalonza, na ofisini citoyenne, yaani raia. Rosalie lilikuwa jina la nyumbani na kanisani, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku katika maandishi yote ya Zaire, na watu wa Bukavu walikuwa wamezoea kuyaacha mlangoni kama viatu kila walipoingia ofisini.

"Bado ninafikiri," Rosalie alijibu.

"Fikiri, lakini saa sita kamili ninafunga kitabu. Leo iko samedi. Lundi, wiki ikianza, hakuna tena." Katibu alimrudishia fomu. "Kama iko commerce, ile ya biashara, unaandika tu. Kama iko ile mupya, rédaction technique, ya kuandika maelezo, unaleta na page moja: unaeleza kitu kwa mutu mwenye hakijue. Kama huna page, usinisumbue."

Ukurasa huo alikuwa nao ndani ya mkoba. Aliuandika kwa siku tano, saa za chakula, wenzake wa kazini wakiwa wametoka kwenda kula. Kilichomshinda kilikuwa kuujaza mstari ule, na jibu lake halikuwa ndani ya ofisi ile.

Tonton Constantin, mdogo wa marehemu baba yake, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa ameshaamua zamani. Yeye alifanya kazi benki, na aliamini kwamba mtu asiyefanya kazi benki anangoja tu nafasi itokee. "Commerce, mutoto wangu," alimwambia jana yake, huku akimega bugali. "Ile ingine ni nini? Mutu anaenda kusoma miaka tatu juu ya kujua kuandika namna ya kufunga buloni ya gari? Buloni inafungwa na mukono!" Alicheka mpaka akapaliwa, na Rosalie alicheka naye kidogo, kwa heshima.

Hakuweza kumwambia kwamba alikuwa ameshaifanya kazi hiyo, na kwamba watu walikuwa wamekufa.

Kwa miaka miwili alikuwa mpiga taipu wa mradi wa mbegu, katika ofisi iliyotazama ziwa. Yeye ndiye aliyepiga stensili, akazungusha mkono wa roneo, mashine ya kunakili, akatoa nakala mia mbili zenye harufu ya wino. Mwaka uliotangulia, kabla ya mvua za Septemba, magunia ya mahindi yalifika kutoka nje. Punje zilikuwa zimepakwa dawa ya kuzuia kuvu na kutiwa rangi nyekundu ili mtu asizidhanie chakula. Mkuu wa ofisi alimpa tangazo la Kifaransa akamwambia aligeuze liwe Kiswahili kabla ya saa kumi.

Alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi sana. Aliandika: Mbegu hizi zimetiwa dawa yenye sumu. Ni za kupandwa tu. Zisiliwe na binadamu. Mkuu alilisoma mara mbili akamsifu kwamba hicho ni Kiswahili cha padri. Nakala ziligawanywa pamoja na mbegu kwenye vijiji vya ziwani, mpaka kisiwa cha Idjwi.

Hakukuwa na neno moja la uongo katika karatasi ile. Lakini mvua zilichelewa na njaa haikuchelewa. Na sumu, kule, si kitu kigeni. Muhogo mchungu una sumu, na kila msichana anayeweza kubeba ndoo anajua la kufanya: unaulowesha siku tatu, unamwaga maji, unauanika, unautwanga, mnakula. Kwa hiyo wanawake waliyalowesha mahindi yale siku tatu. Maji ya siku ya kwanza yalikuwa mekundu, ya pili mekundu kidogo, ya tatu meupe. Rangi ilipokwisha walijua sumu imekwisha, wakapika.

Hakuna aliyeumwa siku ile. Hakuna aliyeumwa wiki ile. Ilikuwa baada ya mwezi ndipo vidole vilipoanza kufa ganzi, kisha macho yakafifia, kisha miguu ikakataa kwenda inakotumwa.

Na bibi yake Rosalie alikuwa akilowesha muhogo hukohuko kwao! Rosalie alikuwa amekulia akiiruka ndoo ya muhogo kila asubuhi akienda shule. Alijua yote, naye alipoketi mbele ya mashine alisahau yote, kwa sababu tangazo la Kifaransa halikuyasema. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Tangu hapo hakumwaga maji kwenye beseni bila kuyatazama rangi kwanza. Alipopiga taipu alisikia nyuma ya bega lake mtoto akisoma silabi moja moja, polepole, akijifunza. Aligeuka mara nyingi. Mwishowe aliacha kugeuka, lakini yule mtoto hakuacha kusoma.

Mwezi wa Februari mwanamke mmoja wa Idjwi aliingia ofisini. Alikunjua ile karatasi kutoka ndani ya kitenge, akaiweka juu ya meza.

"Ni nani aliandikaka hii?"

"Ni mradi, maman," mkuu alijibu.

"Mradi haiko na mukono," mwanamke alisema. "Ni nani?"

Rosalie aliinama akaingiza stensili mpya kwenye mashine. Kuinama kulikuwa rahisi sana. Baadaye aliliona jina la mwanamke huyo katika orodha ya waliodhuriwa na mbegu: Adolphine, wa Idjwi, amefiwa na binti wa miaka sita, Apolline. Mlinzi wa ofisi alimwambia kwamba mama huyo huja kila Jumamosi kuuza mananasi kwenye bandari ndogo.

Sasa ilikuwa saa tatu na nusu, Jumamosi. Rosalie alitoka chuoni akateremka mteremko wa udongo mwekundu kuelekea bandarini, mkoba kifuani, akijiwekea sharti: nitamwambia, nitampa ukurasa asome. Akisema nisiandike tena, nitaandika commerce na tonton atafurahi.

Adolphine alikuwa ameketi kwenye kreti iliyopinduliwa, akimenya nanasi. Vidole vya mkono wa kushoto alikuwa amevifunga kitambaa, maana havikusikia kisu.

"Jambo, mama. Iko tamu ya kweli, onja."

"Jambo, maman. Sikuye juu ya kununua ananasi." Rosalie alichuchumaa. Maneno aliyoyapanga njiani yalimtoroka yote. "Ile karatasi ya mbegu. Ni miye niliandikaka."

Kisu kilisimama katikati ya ganda.

"Siku nilikuya kule ku bureau, ulikuwa mule?"

"Nilikuwa."

"Ku mashini?"

"Ndiyo, maman."

"Nilikuona. Nilisema mu roho yangu: huyu mutoto anatoka jasho na jua haiko." Aliweka kisu chini. "Sasa unataka nini? Nikusamehe, uende kulala vizuri?"

"Hapana," Rosalie alisema, na machozi yakamtoka ingawa alikuwa ameapa yasitoke. "Niliogopa. Ninaogopa mpaka leo. Kuko masomo ya kazi hii, ya kuandikia batu bintu sawa ile karatasi. Saa sita ninapaswa kuchagua. Niliiandika upya. Kama unasema nisiandike tena, sitaandika tena, hata kidogo."

Adolphine alifuta mikono kwenye kitenge, akaupokea ukurasa. Alisoma kwa midomo, bila sauti, kidole kikitembea chini ya mistari.

Sumu hii si kama ya muhogo. Haitoki kwa maji. Ukilowesha siku tatu, rangi itatoka lakini sumu itabaki ndani ya punje. Hutaiona, hutaionja. Anayekula hataumwa leo wala kesho. Ataumwa baada ya mwezi, wakati amekwisha kusahau alichokula.

Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Wanunuzi wawili walikuja wakauliza bei, wakaondoka bila kujibiwa.

"Ile ya kwanza," alisema hatimaye, "nilisomaka vizuri. Miye niko na école, nilifika sixième, mwaka ya sita. Majirani hawajue kusoma, basi walikuya kwangu. Ni miye niliwasomea. Niliwaambia: iko na sumu, ba maman, tuloweshe siku tatu." Alikiokota kisu, akakiweka tena. "Miye njo niliwaambia, miye mwenyewe. Na Apolline alikuwa anapenda ile maji nyekundu. Alitia mikono ndani, akasema, maman, tazama, nimepaka rangi."

Kwa miezi yote ile Rosalie alidhani anabeba peke yake, na kumbe kulikuwa na mwenzake ng'ambo ya maji, naye mzigo wake ulikuwa mzito zaidi.

Chini, mtumbwi wa injini wa kwenda Idjwi ulikuwa ukipakia watu. Nahodha alipiga kengele ya kwanza.

"Hii haitoshe," Adolphine alisema, akimrudishia ukurasa.

Rosalie alianza kuukunja.

"Unakunja nini? Nimesema haitoshe. Kuku iko wapi?"

"Kuku, maman?"

"Tulizipa kuku kwanza, juu ya kujaribu. Siku mbili, kuku ziko zinatembea tu. Tukasema, basi, iko muzuri. Andika kuku."

Rosalie alitoa kalamu. Aliweka ukurasa juu ya mkoba na kuandika pembeni: Msijaribu kwa kuku. Kuku hatakufa upesi, nanyi mtadanganyika.

"Na gunia. Batu walifua gunia, wakatia bunga ya kula. Andika. Na maji tulimwaga kandokando ya ziwa, pale watoto wanaogea. Andika hiyo pia. Na mimba. Kuko mumoja wa kwetu alikuwa na mimba." Aliugonga ukurasa kwa kidole. "Andika."

Aliandika. Pambizo la kulia lilijaa, akaingia la kushoto, kisha akaugeuza ukurasa.

Kengele ya pili ililia. "Maman Adolphine! Tunaenda!" nahodha aliita.

"Muende, miye ninabaki!" alijibu bila kugeuka. Kisha akamuuliza Rosalie, "Saa sita iko karibu?"

"Bado kidogo."

"Basi tufanye mbio. Wale walikuwa wanakunywa maji ya kupikia mahindi, umewafikiria?"

Injini ilinguruma, watu wakaagana kwa kelele, na upepo ukapanda kutoka ziwani ukaiinua karatasi. Adolphine aliikandamiza kwa ule mkono uliofungwa kitambaa. Vidole havikusikia kitu chini yake, kwa hiyo aliendelea kusema huku ameinama, akiutazama mkono wake mwenyewe, apate kujua kama bado umeishika.