Baridi Ilipopigwa Marufuku

Mimi, Beda, nilikuwa Waziri wa Maji ya Moto katika serikali ya Cleophas, Kaka Mkuu wa Kudumu wa shule yetu. Cheo hicho hakimo katika kanuni za shule. Lakini muulize yeyote aliyeoga maji ya bomba alfajiri, mwezi wa sita, Sumbawanga, kama kuna cheo kikubwa kuliko hicho. Kila siku nilichota jikoni ndoo mbili: moja ya Mtukufu, moja yangu. Wananchi waliobaki walioga kwa imani.

Jumatatu moja mkuu wa shule aliuliza mstarini kwa nini wanafunzi wanachelewa.

"Wanasingizia baridi, mwalimu," Mtukufu alijibu. "Baridi yenyewe hakuna."

Kufikia saa nne jambo hilo lilikuwa sheria. Niliiandika mwenyewe: ni marufuku kuvaa sweta, kutetemeka, au kutoa mvuke mdomoni bila kibali. Mkosaji atanyang'anywa sweta na kuoga maji ya bomba mpaka muhula uishe.

Mawaziri tulikutana nyuma ya bwalo, upepo ukitupiga mbavuni, tukajipepea kwa madaftari.

"Joto hili litatuua," alisema Leonidas, Waziri wa Kengele, meno yakigongana.

"Fungueni vifungo basi," alisema Mtukufu.

Tukafungua.

Mtukufu kwao ni Ilemba, kule bondeni kwenye joto. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba akimaliza kuoga huikumbatia ndoo tupu mpaka ipoe.

Jumapili ya wazazi, mama yake, Mama Silvana, akafika. Shule nzima tuliinama na kumpigia makofi ya heshima, Kifipa kabisa.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, wanangu. Mbona midomo imepauka hivyo?"

Hakungoja jibu. Alifungua mfuko, akatoa sweta ya sufu, nzito kama kondoo mzima.

"Cleo, baba, si uliniandikia baridi inakuua? Eti unalala na viatu. Haya, vaa."

Wananchi mia nne wakamtazama Mtukufu. Mtukufu akanitazama mimi. Serikali ikianguka, ndoo yangu nayo imemwagika.

"Mama, sweta ni yangu," nikasema. "Ile barua niliandika mimi, nikatia jina lake."

"Na wewe ni nani?"

"Waziri wa Maji ya Moto, mama."

"Ya moto ya nini, na baridi hakuna?" ilipaa sauti kutoka kidato cha kwanza. Watu wakacheka, kisha wakakumbuka, wakakohoa.

Mama Silvana alinipima kwa macho. "Haya, vaa nikuone."

Nikavaa. Ilinifika magotini. Kwa dakika nne nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoani Rukwa. Mama alipoingia ofisini kusaini kitabu cha wageni, Mtukufu alishusha pumzi kwa huzuni ya kiserikali.

"Mkamateni. Hakuna aliye juu ya sheria."

Leonidas alinivua kwa haraka isiyo ya kawaida. Kesho yake alikuwa Waziri wa Maji ya Moto. Sweta imehifadhiwa kama kielelezo, chini ya shati la Mtukufu, mahali ambapo mwizi hawezi kufika.

Jana alinikuta bombani, yeye amenenepa ghafla, akauliza kama nina malalamiko.

"Hapana, Mtukufu," nikajibu, nikijimwagia kopo la pili. "Ila maji yanaunguza."