Chumvi ya Yai

Sufuria ya uji ilikuwa imelala kifudifudi nyuma ya darasa la nne tangu muhula uanze. Shule ilisema wazazi wamegoma kuleta mahindi. Wazazi walisema waliyaleta, yakaingia stoo kwa miguu ya watu na hayakutoka tena kwa njia inayojulikana. Basi sufuria ikalala, na mijusi wakahamia chini yake bila kudaiwa mchango.

Enesi alipita hapo asubuhi ameshika yai kwa mikono miwili. Lilikuwa la kuchemshwa, bado lina uvuguvugu. Tumboni mwake mlikuwa na chai ya rangi ya jana jioni, na hata hiyo ilishaaga zamani.

Yai hilo lilikuwa limezua kesi nyumbani. Madam Blessing, mwalimu wa darasa, alikuwa amegawa zana za somo la mlo kamili: Clever alete dagaa, Faith alete chungwa, Enesi alete yai. Mtaala mpya unataka vitendo, alisema, na asiye na zana asikanyage darasani siku ya wageni kutoka ofisi ya elimu. Bibi Alinanuswe, aliyemlea Enesi tangu mama yake avuke mpaka kwenda Nakonde akakawia huko, alimtazama kuku wake wa pekee, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akikusanya mayai ya kulalia.

"Mwambie mwalimu wako, huyu kuku hajapata taarifa kwamba mtaala umebadilika."

"Bibi, nitafukuzwa."

"Na likishafundishwa, yai litarudi?"

"Madam amesema kipindi kikiisha kila mtu anachukua chake, anakula."

"Ahaa! Kumbe huo mtaala una akili." Bibi alicheka mpaka pengo likaonekana lote. "Basi tutagawana, mwenzangu. Ute kula wewe, una meno. Kiini niletee mimi, yangu yamestaafu." Akafunga chumvi kidogo kwenye kipande cha nailoni, akamtilia mfukoni. "Shika na hii. Yai lisilo na chumvi halina tofauti na sabuni."

Darasani, zana zilipangwa mezani juu ya kitambaa cheupe: dagaa, maharage, parachichi, chungwa, yai. Ugali tu ndio ulikuwa wa udongo wa mfinyanzi. Mwalimu Mkuu, Mbonile, alisema unga uliobaki stoo ni wa gundi ya kubandikia michoro, na kweli kuta zote zilikuwa zimebandikwa: ndizi za rangi, samaki wa rangi, mtoto mnene wa rangi anacheka.

"Mgeni akiuliza, wote mnyooshe mikono," Madam Blessing alikumbusha. Sauti yake ilikuwa kavu. Naye alikuwa hajaweka kitu kinywani. "Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Tusiaibishane, wanangu."

Wageni walichelewa. Ilisemekana wamesimama Vwawa kunywa chai. Watoto wakakaa na harufu ya dagaa, wakitazama dirishani malori ya mahindi yaliyopanga foleni barabarani Mpemba, maturubai yamefungwa kamba, yakisubiri kuvuka mpaka.

Jua lilipokuwa kali ndipo Afisa Balthazar akaingia, shati limembana tumboni kama limeazimwa.

"Nani ataniambia mlo kamili ni nini?"

Mikono yote juu. Wa Enesi ulikuwa wa kulia. Akasimamishwa.

"Mlo kamili ni mlo wenye makundi yote ya chakula, kwa kiasi kinachoutosha mwili."

"Safi! Na wewe mwenyewe, binti, leo umekula nini?"

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Enesi akamwangalia Madam. Madam akaangalia chini. Enesi akamwangalia Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu alikuwa anatabasamu kwa meno tu. Macho ya Enesi yakaangukia mezani.

"Yai," akasema.

"Mnaona? Mpigieni makofi!"

Akapigiwa.

Kipindi kilipoisha, Mwalimu Mkuu alikusanya zana kwenye sinia, akazibeba kwenda ofisini. Ugali wa udongo aliuacha. Enesi akafuata mpaka mlangoni. Ndani, Afisa Balthazar alikuwa anamenya yai, taratibu, kama mtu asiye na haraka na dunia.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba yai langu."

"Yai lako lipi?" Mwalimu Mkuu aligeuka. "Si umesema mbele ya wageni kwamba umekula yai? Au ulimdanganya Afisa?"

Enesi akalitazama yai mkononi mwa Afisa.

"Yai moja kwa siku linatosha. Unataka mawili, uugue?"

"Nusu ni la Bibi."

"Bibi yako yuko darasa la ngapi?"

Ofisi nzima ikacheka. Afisa aliuma yai, akakunja uso. "Mwalimu, hapa hamna chumvi?"

Mwalimu Mkuu akafungua droo, akafunga. Enesi akatia mkono mfukoni, akaikaba ile nailoni ya chumvi.

Afisa alilimaliza hivyohivyo.

"Haya, chukua maganda," Mwalimu Mkuu akasema, akimkusanyia viganjani. "Kabandike kwenye chati, kundi la protini. Mtaala unasema tutumie vitu vya mazingira yetu. Hatutupi kitu."

"Mkimaliza niiteni nipige picha," Afisa akaongeza, akijifuta vidole.

Madam Blessing aliyaona yale maganda.

"Bandika, mwanangu. Gundi iko kwenye kopo. Tumia kidogo." Akatoka haraka kwenda kuongoza wimbo wa kuwaaga wageni.

Darasa likabaki tupu. Nje wenzake walianza kuimba kwamba elimu ni mwanga. Enesi akapaka gundi, akabandika ganda moja chini ya mtoto mnene, akabandika la pili. Vidole vikamnata. Akavilamba. Ilikuwa unga wa sembe, umepikwa asubuhi, mzito, haujapoa sawasawa.

Akatazama mlango. Akakiuma kifundo cha nailoni, akainyunyiza chumvi yote ndani ya kopo, akakoroga kwa kidole. Halafu, kabla ya kuonja, akachora mstari katikati: huku kwake, huku kwa Bibi.