Hana Neno Huyo

Bibi aliyeingia katika kibanda cha fundi viatu Jumatatu ile asubuhi hakuwa na kiatu mkononi. Hilo ndilo lililomfanya fundi ainue kichwa. Alikuwa hajawahi kumwona. Sweta yake ilifungwa vifungo kombo, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyeungoja usiku uishe.

"Kama umetumwa viatu vile vya buluu, mama, njoo kesho," fundi akasema kabla hajasalimiwa. "Nimebakiza soli tu."

"Mimi si mteja wako."

Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa mkanda mrefu wa ngozi na kuuweka mezani, kati ya kopo la gundi na nyundo. Mkono wake ulitetemeka hata baada ya kuuachia. Ulikuwa mtetemo wa siku zote, wa maradhi au wa umri, si wa hasira.

"Nimeuliza mafundi watatu," akasema. "Wa kwanza hakujua. Wa pili alisema hii ni kazi nzuri mno, si ya mtaa huu. Wa tatu aliangalia mshono, sindano mbili, na hizi nyuzi nyekundu mwishoni zilizorudiwa mara tatu, akacheka. Akasema, huyo ni Njookesho. Ukimkuta na viatu vya mtu vimekamilika, njoo unisimulie."

Fundi hakucheka. Mkanda aliutambua kabla haujatulia pale mezani. Alikuwa ameushona mwenyewe, na tangu jana jioni alikuwa akijiambia kwamba ameupoteza njiani.

Jana ilikuwa Jumapili. Alimpeleka Gogo bustanini kama kila Jumapili. Gogo alikuwa mbwa wa kahawia, mzito kama mfuko wa saruji, na mpole kiasi kwamba paka wa jirani alikuwa akimlalia mgongoni. Pete ya chuma ya mkanda wake ilikuwa imefunguka mdomo mwezi mzima uliopita. Wanasema kinyozi hajinyoi, na fundi huyu, aliyeshonea mtaa mzima, aliifunga pete yake mwenyewe kwa uzi wa nta, akasema ni kwa leo tu. Leo hiyo ilikuwa na siku thelathini.

Pale mteremkoni Gogo aliona kitu kikitembea kwenye nyasi huko chini, akavuta mara moja. Uzi ukakatika. Fundi alibaki na mkanda mkononi, mbwa akashuka kama jiwe. Kule chini palikuwa na mwanamke, na miguuni pake mbwa mdogo asiyezidi kiatu cha mtu mzima.

Fundi hakukimbia. Hilo ndilo alilolijua na ambalo hakumwambia mtu. Alitembea tu upesi, akipaza sauti ile ile anayoipaza kila mwenye mbwa mkubwa: "Usiogope, mama! Hana neno huyo! Anataka kucheza tu!"

Alipofika, mwanamke alikuwa amempakata mbwa wake na kuwapa mgongo. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama wakitazama. Fundi alidondosha mkanda, akamshika Gogo ukosi wa shingoni kwa mikono miwili, akasema, "Samahani, mama," na kuondoka. Hakuona damu. Alijiambia hivyo hadi nyumbani: sikuona damu. Lakini pia hakuangalia.

"Yule mbwa..." akaanza sasa.

"Anaitwa Karanga."

"Karanga hajambo?"

Bibi akavuta kigoda cha wateja, akakaa bila kukaribishwa. "Nilikuwa mkunga miaka thelathini na minne," akasema. "Najua mwili ukiumia ndani unavyokuwa. Wako alimshika mgongoni, akamtikisa mara mbili, basi. Kama mtu anayekung'uta shuka. Kwa nje ni matundu mawili tu, hata hayatoshi kupitisha sindano yako hiyo. Daktari wa wanyama anasema ndani kumesagika. Mbavu zimevunjika, na pafu moja halivuti."

Fundi alifungua mdomo. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa yale yale ya jana, na hata yeye aliona aibu kuyagusa.

"Nitalipia matibabu," akasema.

"Sikuja kwa hilo. Pensheni yangu inanitosha mimi na mbwa." Aliutazama mkanda. "Alhamisi saa nne daktari atamwangalia mara ya mwisho. Kama pafu limeamka, namchukua nyumbani. Kama halijaamka, atamchoma sindano. Sasa Karanga hashikwi na watu wa pale kliniki, anahangaika, na akihangaika anaumia. Lazima mtu amshike kwa mikono iliyotulia. Yangu unaiona."

"Huna ndugu, mama?"

"Ningekuwa naye ningekuja kukuomba wewe?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza. "Jana ulinipa mgongo. Alhamisi nataka uangalie. Akipona umshike, asipopona umshike. Basi. Zaidi ya hapo sina ninachokudai duniani."

"Nitakuja," fundi akasema.

"Saa nne."

"Saa nne, mama."

Bibi akainuka, akashika mwimo wa mlango. "Huyo fundi wa tatu," akasema, "aliniambia nikupe ahadi ya wiki moja mapema, ndipo utafika."

Jioni alimweleza mkewe, ambaye alikuwa mfuaji katika hospitali na alirudi kila siku akinuka sabuni ya unga. Alikuwa amevua viatu na kuweka miguu kwenye beseni.

"Kwa hiyo ile damu niliyoifuta kifuani kwa Gogo," mkewe akasema polepole, "uliyosema amejikwaruza..."

"Sikujua."

"Wewe bwana, usiniambie hukujua. Mimi ndiye niliyekuonyesha. Ukatazama ukutani."

Gogo alikuwa amelala mlangoni, kidevu juu ya kandambili za fundi. Aliposikia jina lake alipiga mkia sakafuni mara mbili. Mkewe alimtazama kwa muda mrefu, akauma mdomo.

"Na yeye hajui kitu," akasema. "Ndiyo maana anafungwa mkanda. Anayejua ni wewe."

Fundi akainama, akazivuta kandambili zake chini ya kidevu cha Gogo.

Jumatano alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliweka kando viatu vya watu, akashika kazi yake mwenyewe. Alifumua mkanda wote. Alikata ngozi mpya, nene, akatia pete nzima ya shaba iliyotoka kwenye begi la zamani, na kuishona kwa sindano mbili, akivuta kila tundu mpaka vidole vikapata alama. Baadaye alikata vipande vyembamba zaidi akatengeneza kifunga mdomo. Alimpima Gogo akiwa amepiga magoti mbele yake, na mbwa akamlamba sikio muda wote wa kupimwa. Pete ile ilimchukua chini ya robo saa. Robo saa hiyo aliikosa siku thelathini.

Alipokuwa akimalizia, simu iliita. Alikuwa msimamizi wa kiwanda cha kuchomelea vyuma.

Sasa, habari ya msimamizi ilikuwa hivi. Viatu vya plastiki vilikuwa vimejaa mjini, vinavaliwa vikatupwa, na kibanda cha fundi kilikuwa kinakufa taratibu kama taa iliyoishiwa mafuta. Kiwanda kilitaka mtu wa kushona mabuti na maeproni ya ngozi ya wafanyakazi themanini, mwaka mzima. Fundi alikwishamwahidi msimamizi kumwonyesha sampuli mara mbili, na mara mbili alikuwa amesema kesho. Wiki iliyopita walipatana Ijumaa. Sampuli ilikuwa tayari rafuni, buti moja zuri ambalo mkewe alilifuta vumbi kila akipita.

"Fundi," msimamizi akasema, "Ijumaa nasafiri. Nakuja kesho, saa nne. Nina nusu saa tu. Nataka nikuone ukishona mbele yangu, nisije nikaletewa kazi ya mtu mwingine."

"Kesho saa nne siwezi, mzee. Njoo saa mbili. Au saa sita."

"Saa mbili nafungua kiwanda, saa sita niko kwa mkurugenzi nampelekea jina la fundi. Kwa nini saa nne huwezi?"

"Nina ahadi."

Kicheko cha msimamizi kilikuwa kirefu, hata akaanza kukohoa. "Wewe? Ahadi? Jamani! Kobe naye kapata pikipiki! Tangu lini Njookesho ana ahadi?"

"Tangu Jumatatu, mzee."

"Ni msiba?"

Fundi alitaka kusema ndiyo. Lilikuwa neno jepesi, lingemaliza kila kitu. Alilitafuna akalimeza.

"Ni mbwa," akasema. "Mbwa wangu aliumiza mbwa wa mtu. Nimeahidi kuwepo kwa daktari."

Msimamizi akasema, sasa bila mzaha: "Sikiliza, fundi. Kazi yako naipenda. Tatizo ni wewe. Nitafika hapo saa nne. Nikikuta mlango wazi, kazi ni yako. Nikikuta kufuli, kuna kijana mtaa wa pili ana mashine mbili. Chagua mwenyewe."

Mkewe aliposikia hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikaa kitandani akikunja nguo iliyokwisha kukunjwa.

"Mtu anaweza kwenda saa tano," akasema. "Akaomba radhi."

"Saa tano huenda atakuwa amekwisha kudungwa ile sindano."

"Na kwenda kwako saa nne kutampa pafu jipya?"

"Hapana."

"Basi utakuwa umefanya nini?"

Fundi alifikiri. "Nitakuwa nimekwenda," akasema. Hakuwa na jibu bora kuliko hilo, na lilimsikitisha, kwa sababu mkewe alistahili jibu bora. Mkewe aliweka nguo chini, akageukia ukutani. Akiwa bado amegeuka, alisema, "Vaa lile shati jeupe. Usiende kwa watu na gundi kifuani."

Alhamisi saa tatu na nusu fundi alilitoa buti rafuni, akaliangalia, akalirudisha. Akafunga mlango. Siku nyingine mchana kufuli hilo halikuwa na kazi. Akapita mbele ya bustani. Kwenye geti palikuwa na kibao alichokuwa akikipita kila Jumapili: *Mbwa wote wafungwe mkanda.* Rangi yake ilikuwa imebanduka pembeni, lakini maandishi yalisomeka vizuri tu, kama yalivyosomeka siku zote.

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi la kliniki, sweta imefungwa sawasawa leo. Alimtazama fundi, kisha akaitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika tano.

"Umekuja," akasema.

"Nilisema nitakuja, mama."

Hakumshukuru, wala fundi hakungoja kushukuriwa. Daktari, mwanamke mwenye kalamu mbili nyuma ya sikio moja, aliwaita ndani. Karanga alikuwa juu ya meza ya chuma, amelazwa kwenye taulo, ubavu mmoja umenyolewa. Ubavu ulikuwa mweusi na zambarau toka begani hadi nyongani, na katikati ya weusi huo matundu mawili, madogo, safi. Kila pumzi iliinua upande mmoja tu wa mwili.

Fundi aliangalia. Kila alipotaka kutazama ukutani, aliangalia.

"Halijaamka," daktari akamwambia bibi kwa upole. "Pole, mama. Tukisubiri, ni kumwongezea tu maumivu." Akavuta fomu. "Lazima niandike sababu. Aliyemuumiza anajulikana?"

Bibi alimgeukia fundi, akamwachia swali hilo.

"Ni mbwa wangu," fundi akasema. Akataja jina lake la kwenye kitambulisho, ambalo hata yeye alikuwa hajalizoea. "Mkanda ulikuwa mbovu. Nilijua ni mbovu."

Kalamu ya daktari ilisita, kisha ikaandika. "Itakwenda kwa afisa wa mifugo. Mbwa wako atakuja kuangaliwa, na hatatoka tena bila kufungwa mdomo. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

"Naelewa."

"Haya. Mshike. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine kichwani. Usimkaze."

Fundi aliingiza viganja chini ya taulo. Mbwa alikuwa mwepesi kuliko buti. Alihisi moyo wake ukipiga haraka mno. Karanga alinusa shati jeupe, na fundi akaogopa kwamba atapata harufu ya Gogo na kuhangaika. Labda aliipata. Alitweta kidogo, kisha akaegemeza kidevu kwenye kidole gumba cha fundi, kidole kilichokuwa na sugu za uzi wa miaka ishirini. Bibi alisogea, akaweka mkono wake unaotetemeka juu ya mikono ya fundi, na mtetemo ukatulia nusu.

"Haya, Karanga," bibi akasema. "Haya, mwanangu."

Daktari alikuwa akitafuta mshipa simu ilipoanza kuita mfukoni mwa fundi. Iliita kwa mlio wake wote, ikitikisa paja lake. Daktari aliinua macho. Fundi alitikisa kichwa. Simu iliita mpaka ikachoka, ikanyamaza, ikaita tena kwa kifupi, mara moja tu, kisha haikuita tena.

Sindano ikaingia. Mikono ya fundi ilibaki pale pale, imetulia, hata baada ya daktari kusema inatosha, mpaka bibi mwenyewe alipomgusa kiwiko na kumwambia sasa anaweza kuachia.