Fundo la Musau

Chakula kilikataa kushuka. Musau alimeza muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, ukafika kifuani, ukasimama hapo kama mbuzi aliyekataa mlango, halafu ukarudi. Kufikia mwezi wa tano wa ugonjwa hata maji yalikuwa yanagoma.

Musau alikuwa mchinjaji huko Kola. Kila akichinja, alifunga umio wa mbuzi kwa kamba, ule mrija wa chakula, ili uchafu wa tumboni usimwagikie nyama. Kwa hiyo fundo alilijua. Na fundo halijifungi, kuna mkono. Mkono uliokuwa karibu na sahani yake kila siku ni mmoja tu, wa mkewe Ndila.

Hakumpiga, hakumtukana. Alinunua sufuria yake, akawa anajipikia uji nyuma ya bucha.

"Baba Nzembi, hiyo sufuria ni ya nini?" Ndila akamuuliza.

"Ni ya mimi kuishi."

Ndila alimtazama sana. "Haya, ishi."

Kesho yake alibeba nguo zake akaenda kwa dada yake, kijiji cha Ndithini. Uji wa Musau nao ukarudi vilevile. Akasema sumu ya zamani bado imo.

Binti yao Nzembi ndiye aliyemvuta hospitali. Picha zikaonyesha msuli wa mwisho wa umio umekaza, haufunguki. Njia za kuukata zilikuwa mbili, na kila njia na daktari wake.

Musau aliwatazama kama watu wa soko la mifugo. Huko, mwenye mbuzi haulizwi uzuri wa mbuzi wake. Anaulizwa kilema, na akisema hana, unaondoka.

"Kilema cha kazi yako ni nini?"

Daktari Mutindi, mpasuaji, hakuzunguka. "Nakutoboa tumbo matundu matano. Nikishakata msuli, nakunja kidogo tumbo la chakula na kulishona kwenye umio, lizuie asidi kupanda. Kidonda kitauma."

"Na wewe?"

"Mimi napitisha mpira mdomoni, naukata msuli kwa ndani, nje hakuna kovu," alisema Daktari Kinyua. "Lakini kwangu kiungulia hubakia wengi zaidi, na huenda ukameza dawa miaka. Kufungua njia, tunakaribiana."

Musau alikasirika. Wote wamesema ukweli, sasa amshuku nani?

"Nitobolewe," akasema. "Kazi isiyoacha alama nitajuaje imefanywa?"

"Baba, ukimeza si utajua?" Nzembi akacheka peke yake.

Asubuhi ya upasuaji alimshika Mutindi mkono. "Daktari, nani alinifunga?"

"Hakuna mtu. Neva za hapo hufa, na hatujui kwa nini. Si chakula."

"Hata kikipikwa na mtu mbaya?"

"Hata kikipikwa na shetani, mzee."

Wiki ya sita baada ya upasuaji alienda Ndithini. Ndila alileta muthokoi uliochemshwa hadi ukalainika. Kabla hajamkabidhi sahani, alichota kijiko kimoja, akala mbele yake, akameza, akafungua mdomo wazi aonekane.

"Sijafa. Kula."

Musau alikula. Chakula kilishuka chote, hakikusimama popote. Ndila akachukua sahani tupu, akaiosha, akamwonyesha njia ya kwenda stendi.

Fundo hilo lilimgharimu kilo kumi na tisa za mwili, miezi kumi na moja, matundu matano tumboni, na mke mmoja.